Gego la Juu, Upande wa Kulia

Mkunazini, Mji Mkongwe
8 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi Bi Mwanakhamis,

Shikamoo, na Ramadhani yenye heri. Natumai funga haijakuchosha na kwamba mwani uliouanika kabla ya mwezi kuandama umekauka wote. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu, goti lake limetulia, ila sasa ametafuta ugomvi na muuza tende, akidai za mwaka huu ni za mwaka jana. Bintiyo Nassra alikuja juzi kutoka Kiembe Samaki na sahani ya vitumbua, akakaa mpaka futari.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipokelewi. Nimepiga mara nne tangu Jumapili. Kila mwaka wewe ndiye wa kwanza kunitumia ujumbe wa sauti wa kunitakia Ramadhani njema. Mwaka huu nimeungoja haukuja, nikakutumia wangu, haukufunguliwa. Mabrouk ameleta pweza sokoni Darajani asubuhi hii, na amekubali kukuletea barua akirudi Jambiani.

Niruhusu nirudie niliyokueleza tarehe 26 Februari, kwani nusu ya uso wako ilikuwa na ganzi na sina hakika ulisikia yote. Gego lako la juu, upande wa kulia, lilizibwa mwaka 1994 kwa ziba la madini lililokuwa kubwa kuliko jino lililobaki. Ulipouma lile jiwe ndani ya wali, pembe mbili za jino zikaondoka. Kulijaza tena kungekuwa kulipasua tena baadaye. Kulivisha kofia nzima kungenilazimu kulisaga pande zote, na upande wa nje ulikuwa mzima, sikuona haki kuusaga. Ndiyo maana nilichukua chapa ya jino, nikaituma Dar es Salaam, na fundi akachonga kipande cha kauri kinachoketi juu ya gego na kurudisha pembe zilizovunjika tu. Vitabuni kinaitwa onlei. Khairiya, msaidizi wangu, anakiita kiraka cha paa, na sijapata jina lililo bora.

Ni cha kwanza kukifanya bila mwalimu kusimama nyuma yangu. Kwa hiyo nauliza kama daktari na kama mtoto: je, maji ya baridi yanakuchoma? Je, unapouma, jino hilo linatangulia mengine kugusana? Ulipokaa kwenye kiti ulisema neno moja tu: "Usining'oe, mwanangu, nina darasa la Ramadhani." Nataka kujua kama nimelitunza neno hilo.

Mwanao,
Shadya

---

Jambiani
17 Machi 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba, na wewe pia Mungu akutakabalie funga yako. Barua nimeipata, na Mabrouk nimempa mkate wa kumimina kwa uaminifu wake. Huku wazima. Upepo umeangua makuti matatu ya banda la kuku na kuku wenyewe wamekwenda kutaga kwa Mashavu, jirani, ambaye anasema hajaona yai hata moja. Mwambie baba yako tende za mwaka jana ndizo tamu, anyamaze ale.

Simu yangu imeingia maji ya bahari nikiwa mwanini. Nimeitia ndani ya gunia la mchele ikauke. Nassra aliniambia hivyo ndivyo inavyofanywa.

Jino halinisumbui. Baridi hailichomi, wala moto. Jana nimefuturu muhogo wa nazi na pweza, nikamtafuna kwa upande uleule, na pweza ndiye aliyeshindwa. Wanawake wanakuja kunitazama mdomo. Mashavu kaniambia, "Fungua, Bi Mwanakhamis, tuone hiyo kauri." Nikamwambia, "Kauri ziko kabatini, kaangalie huko, na ukitoka urudishe mayai yangu."

Darasa linaendelea. Usiwe na wasiwasi juu ya kazi yako. Ni kazi safi.

Shangazi yako,
Mwanakhamis binti Ubwa

---

Mkunazini
14 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Idi imepita, na sahani yako ya biriani tuliiweka hadi jua la siku ya pili lilipozama, kisha baba akaila akisema ni kwa niaba yako. Ni mara ya kwanza, tangu nipate akili, kwamba hukuja mjini siku ya pili ya Idi. Wanafamilia wote wamekuulizia. Mimi nimesema una mafua, na nimejiona nikisema uongo bila kujua naufunika ukweli gani.

Nassra ameniambia mawili bila kukusudia. La kwanza, kwamba unamwandikia ujumbe kwa simu karibu kila siku. La pili, kwamba tangu siku ya tatu ya Ramadhani darasa lako linasomeshwa na Zeyana, mwanafunzi wako wa zamani, na wewe hukai hata nyuma ya chumba. Miaka thelathini na moja umewasomesha wasichana na wanawake wa Jambiani kisomo cha Kurani, na hukuwahi kuliacha darasa hilo hata ulipofiwa na mume.

Nimeirudia barua yako. Uliandika kwamba darasa linaendelea. Ni kweli, hukusema tu ni nani anayeliendesha.

Nimefikia hitimisho ambalo sina raha nalo: kwamba kiraka kimevunjika au kimeng'oka, nawe unanificha usije ukanivunja moyo. Ikiwa ni hivyo, nakusihi uje. Kinatengenezwa upya. Kosa la mikono yangu linanielemea kidogo kuliko ukimya wako.

Mwanao,
Shadya

---

Jambiani
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Wazima. Mvua za masika zimeshika, njia ya nyuma ya nyumba ni ziwa, sisafiri.

Jino ni zima na liko mahali pake. Zeyana anajua, na alistahiki darasa siku nyingi. Mtu hupumzika.

Pokea ndimu kumi na mbili kutoka kwa Mabrouk. Ukihesabu kumi, mbili kazila yeye.

Shangazi yako,
Mwanakhamis

---

Mkunazini
18 Mei 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Ndimu zilifika tisa. Baba mzima, Nassra na watoto wazima.

Wiki tatu nimeiandika barua hii na kuichana. Naandika jambo ambalo huenda nimelikosea kabisa, na ningependa nimelikosea.

Ikiwa jino ni zima, na mwili mzima, na umeacha kusomesha ghafla, na hutaki kuzungumza kwa simu ila kwa maandishi, ambayo mtu huweza kuyafikiri kabla ya kuyatoa, basi nawaza juu ya babu. Mwishoni mwa uhai wake Mwalim Ubwa alianza kupotewa na aya katikati ya kisomo. Alikuwa akinyamaza, akijifanya anakohoa, mpaka mtu amkumbushe. Nakumbuka wewe ndiye uliyemkumbusha, kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie.

Kuna daktari mjini anayeshughulika na mambo ya kumbukumbu. Ni mpole, na ni mwanamke. Ningekwenda pamoja nawe, wala hapana ambaye angejua. Nisamehe ikiwa nimevuka mpaka.

Mwanao,
Shadya

---

Jambiani
23 Mei 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Wazima wote, na kuku wamerudi.

Umenikasirisha, na nashukuru, kwa sababu hasira imenilegeza mkono. Sijasahau kitu. Ulizaliwa Jumatano kabla ya adhuhuri, nywele zimekufika kwenye nyusi. Ulipokuwa na miaka sita ulikimbia darasa langu siku tisa kwa kisingizio cha tumbo, na siku ya kumi nikakukuta juu ya mpera wa Mashavu, tumbo limejaa mapera mabichi, kwa hiyo siku hiyo hukusema uongo. Kisomo chote kipo pale kilipokuwa. Kilichoniharibikia ni herufi moja.

Dhadi ya Kiarabu unaijua, niliiimba masikioni mwako. Ndiyo iliyomo katika jina la Ramadhani tukilitamka kama Waarabu. Haitoki kwenye ncha ya ulimi. Inatoka ubavuni mwa ulimi, ukingo wake ukiegemea magego ya juu. Wengi huegemea kushoto, ndiko kwepesi. Babu yako alikuwa akiitoa kulia, na katika watoto wake wote ni mimi peke yangu niliyeipata huko. Miaka arubaini na tisa ulimi wangu ukifika pale unakuta kibonde chake, unakaa. Tangu uliponibandika kauri, unafika na kukuta ukuta. Unateleza, ncha inakimbilia meno ya mbele, na badala ya dhadi inatoka dali, d nzito.

Siku ya mwanzo ya Ramadhani nilikurekodia ujumbe wako kama kila mwaka. Nikausikiliza. Nikaufuta. Nikajirekodi tena, nikafuta. Nikasema ni kiu.

Siku ya pili nilimsomea Wanu, mjukuu wa Mashavu, ana miaka saba na sikio kama la paka. Nikasoma, akarudia. Nikamwambia, "Siyo." Akarudia vilevile. Nikamwambia, "Siyo, Wanu. Nisikilize mimi."

Akanitazama kwa adabu kabisa, akasema, "Nimekusikiliza, Bi. Ndivyo ulivyosema."

Alikuwa anasema kweli. Kosa lile lilikuwa langu, na nililisikia vizuri lilipotoka katika kinywa chake. Kesho yake nikamwita Zeyana. Kukosea katika sala yangu ni baina yangu na Mola wangu, naye anajua lililomo mdomoni mwangu. Kumpa mtoto kosa akae nalo miaka sabini, hilo siliwezi.

Simu haikuingia maji. Nisamehe.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Ulipomaliza kulibandika ulinishikia kioo ukasema, "Tazama, shangazi," na uso wako ulikuwa uleule wa siku uliyohitimu darasani kwangu. Sikuweza kuuzima. Na niliogopa pia kwamba ungesema, basi, lililobaki ni kung'oa.

Shangazi yako,
Mwanakhamis

---

Mkunazini
1 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitazileta kwa mdomo. Leo sina subira nazo.

Barua yako iliponifikia nilifunga mlango wa kliniki, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, nikaitamka dhadi polepole kama ulivyonifundisha. Ulimi wangu uliegemea magego ya kushoto, upande wa wavivu. Nimesoma miaka mitano juu ya meno. Nimeandika mitihani juu ya namna gego linavyouma, linavyosaga na linavyooza, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba gego lina kazi katika kusoma, ingawa jambo hilo nilifundishwa nikiwa na miaka sita.

Kosa nadhani nimelipata, ijapokuwa nimekwisha kukosea mara mbili kabla ya hili. Sehemu iliyovunjika ilikuwa upande wa ndani, ule unaotazama ulimi. Fundi wa Dar es Salaam hakuwa na umbo la kufuata, akanipigia simu kuniuliza. Nikamwambia anenepeshe, kipande kipate nguvu. Nilikuwa nawaza mifupa ya samaki. Kisha ulipokuja nilikuwekea karatasi ya rangi baina ya meno nikakwambia uma, saga, uma tena, na rangi ikaonyesha kwamba kila kitu ni sawa. Sikukwambia usome. Daktari wa mahali pengine angesamehewa. Mimi ni mjukuu wa Mwalim Ubwa.

Hata hivyo sina yakini. Huenda si kauri. Huenda ulimi ulijifunza njia nyingine zile wiki mbili za ziba la muda, tulipokuwa tukingoja kauri, na hautarudi hata nikiusafishia njia. Sitaki nikuahidi nisichokijua.

Na kuna jambo zito zaidi. Ninaweza kuuchonga ule upande wa ndani ukiwa mdomoni mwako, kidogo kidogo, pengine nusu milimita. Lakini kauri ikiwa nyembamba inaweza kupasuka siku moja kwa mfupa mmoja, na chini yake halijabaki jino la kushika kiraka kingine. Siku hiyo itakuwa kung'oa kweli, na ubavu wa ulimi utakosa hata pa kuegemea. Tukiliacha kama lilivyo, utalitumia kula miaka mingi. Siwezi kukuamulia, na nisingependa uamue kwa kunihurumia.

Mwanao,
Shadya

---

Jambiani
22 Juni 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Nilifika salama kutoka mjini, na vitambaa vya Nassra vimefika pia. Mbuzi wa Idi Kubwa alikuwa mgumu, wamelaumu mpishi, mpishi kamlaumu mbuzi.

Wenzangu hapa wananiuliza kila siku daktari alinifanya nini, na nimesimulia mara nyingi hata hadithi imeota miguu. Nakuandikia nilivyoisimulia, unirekebishe.

Nawaambia hivi. Niliingia bila kuarifu, daktari akaacha kalamu ikaanguka. Akaanza kunieleza tena habari za kupasuka na kung'oa. Nikamkata, nikamwambia, "Kula nitakula upande wa kushoto. Kusoma sina upande mwingine." Khairiya akawasha taa.

Hakunipiga sindano, kwa kuwa alitaka ulimi uwe macho. Akachonga mara moja, kama mtu anayekuna nazi ya mwisho, akaniambia, "Soma, shangazi."

"Nisome na mkono wako mdomoni?"

"Nautoa. Haya, soma."

Nikasoma. Akasikiliza amefumba macho. "Bado." Akachonga. "Soma." Nikasoma. "Bado, shangazi." Nami nikamuuliza hapa siku hizi nani mwalimu na nani mwanafunzi, na Khairiya akacheka mpaka akamwaga maji. Mara ya tisa, Mzee Wakil, aliyekuwa kwenye benchi nje akingoja kung'olewa, akapaza sauti: "Aamin, Bi! Endeleeni, daktari, mimi na koleo lako hatuna haraka!"

Mara ya kumi na mbili hukusema bado. Uliweka chombo chini ukageukia dirisha, na mimi nikajifanya natafuta viatu.

Hilo la dirisha sijamsimulia mtu.

Uliniuliza pale mlangoni kama imerudi, nikakwambia sijui, na wewe ukasema hujui pia. Nilipenda kwamba hukujidai kujua. Wiki ya kwanza dhadi ilikuwa ikija na kuondoka. Nikaifanyia kazi kila siku baada ya sala ya alfajiri, nimeuelekea ukuta, kama alivyokuwa akinifanyisha babu yako. Ijumaa iliyopita nikaenda darasani, nikakaa nyuma pamoja na wanafunzi. Zeyana akataka kuinuka anipishe, nikamkataza. Walipomaliza nikamwita Wanu. Nikasoma, akarudia. Kisha akasema, "Leo, Bi, umeisema ile ya zamani."

Si ya babu yako kamili. Ina ukavu kidogo mwishoni. Lakini ni dhadi, na mtoto ameichukua. Darasa tumeligawa: Zeyana ana siku nne, mimi tatu, na ananikosoa, niliyemfundisha kukosoa.

Natafuna kushoto kama mbuzi anayewaza. Mifupa nampa paka. Kauri ikipasuka siku moja, itapasuka, na huyu Wanu atakuwa ameshaishika dhadi.

Simu imetoka kwenye gunia la mchele. Nipigie leo baada ya alasiri. Habari za jino usiniulize. Niulize Ramadhani ilikuwaje, upate kulisikia jina lake.

Shangazi yako,
Mwanakhamis binti Ubwa